Mbuzi Mfupi Hana Kosa

Kaa na wakubwa wa kilimo hapa Lubumbashi, iwe kwenye semina ya siku mbili au kwenye meza ya bia, utasikia wimbo uleule: mifugo ya vijijini imedumaa, lazima tuboreshe mbegu. Mbuzi wa Mitwaba, kule kaskazini, ni mfupi. Kuku wake hana nyama. Ng'ombe ndio hayuko kabisa. Dawa, tunaambiwa, iko kusini: beberu wa Boer atoke Afrika Kusini, mtamba wa Friesian avushwe mpaka wa Kasumbalesa, na vifaranga vya kisasa vya kuchinjwa baada ya wiki sita. Mwenye fedha za madini akinunua shamba kwenye barabara ya Kipushi au ya Kasenga, mnyama wa kwanza anayemtafuta ni yule atakayevutia macho ya wageni. Shirika likitaka kuwainua wakulima wa vijijini, mara nyingi nalo huanza na mnyama mkubwa, maana picha yake hupendeza kwenye ripoti.

Msimamo huu umerudiwa mpaka umeacha kudaiwa ushahidi. Mimi naudai. Nasema kwamba kwa kaya ya Mitwaba, na kwa kaya nyingi za hapa mjini, Katuba na Ruashi, zinazobanana kwenye parseli ndogo, mnyama mdogo wa asili ni chaguo la akili, na anayeliita chaguo hilo umaskini hajapiga hesabu. Kimo cha mnyama kiamuliwe na mambo mawili: hasara ambayo familia inaweza kuivumilia, na umbali uliopo kati ya zizi lake na msaada. Ukubwa wa ardhi unakuja baada ya hayo. Fahari ya mwenye mali isiulizwe kabisa.

Nianze na hoja yao iliyo nzito kuliko zote, maana kumshambulia mtu pale alipo dhaifu tu si ushindi. Wanasema mnyama mkubwa ana faida kwa kuwa kila kilo ya mwili wake hula kidogo kuliko kilo ya mnyama mdogo. Ni kweli. Max Kleiber, mwanasayansi wa Uswisi aliyefanya kazi California, alilionyesha jambo hilo tangu miaka ya 1930: uzito ukiongezeka, mahitaji ya chakula huongezeka pia, ila kwa mwendo wa polepole zaidi. Mbuzi 10 wa kilo 25 kila mmoja watakula zaidi ya ng'ombe mmoja wa kilo 250. Wapenda ukubwa hufika hapo wakafunga kitabu.

Kleiber mwenyewe hakukifunga. Katika kitabu chake cha mwaka 1961 aliweka mfano ambao ungepaswa kubandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya mifugo. Chukua maksai mmoja upande huu na sungura 300 upande ule, jumla ya uzito iwe sawa, kama kilo 590. Kila upande upe kilo 900 hivi za majani makavu. Sungura watayamaliza kwa siku 30, maksai kwa siku 120. Uzito utakaoongezeka ni uleule pande zote mbili: karibu kilo 109. Mnyama mdogo anakula upesi na anakua upesi kwa kiwango kilekile, basi majani hayakupotea. Kinachobaki ni muda. Mwenye sungura anauza baada ya mwezi, na mwenye maksai anasubiri miezi minne. Shule ya msingi imekuwa bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari inadai ada, na mama mwenye mtoto wa sekondari hana miezi minne ya kusubiri.

Waaustralia nao walilipima jambo hili kwa ng'ombe wenyewe. Mwaka 1974, katika kituo cha utafiti cha Trangie, jimbo la New South Wales, waligawa kundi la Angus. Upande mmoja walichagua wanaokua kwa haraka, upande wa pili wanaokua polepole, kizazi baada ya kizazi, wakitaka kujua ni wapi majani yanageuka nyama vizuri zaidi. Baada ya miaka kama 15 ng'ombe wa upande wa pili walikuwa wamepungua karibu asilimia 30 kwa ukubwa wakilinganishwa na wenzao. Waliotarajia wadogo waonekane walafi wasio na faida hawakuupata ushahidi huo. Utafiti ulipokwisha, wafugaji waliwanunua wale wafupi, na leo wanajulikana kama Lowline, ng'ombe wa wenye mashamba ya ekari chache. Hao ni watu wenye barabara za lami, madaktari wa mifugo na mabenki, na bado wapo wanaomtaka mnyama mfupi.

Basi kwa hesabu ya kilo na majani, mkubwa na mdogo wametoka sare. Sare hiyo inavunjika tukitoka kwenye kituo cha utafiti tukapanda lori kwenda Mitwaba.

Eneo la Mitwaba liko kaskazini ya Likasi, kwenye milima ya Kibara, jirani na Hifadhi ya Upemba iliyoanzishwa mwaka 1939. Mtu wa mjini akitazama ramani anaona nchi pana yenye watu wachache, na papo hapo anatoa hukumu: vijinyama ni vya watu wa Rwanda na Burundi waliokosa mahali pa kukanyaga, sisi tuna ardhi ya kufuga ng'ombe wa kilo 600. Hoja hii ndiyo inayopoteza wengi, kwa kuwa inachanganya ardhi na malisho. Ile ni nchi ya miombo. Mvua inaanza kama Novemba na kukoma Aprili. Kisha kinakuja kiangazi kirefu. Nyasi zinakauka, moto unapita, na zile zinazosalia zinajaza tumbo bila kulisha mwili. Friesian wa kilo 600 anataka kilo 15 hadi 18 za malisho makavu kila siku, na akiwa anakamuliwa anataka zaidi ya lita 60 za maji. Mwezi wa Septemba nani atamtekea? Na maziwa yakipatikana, pasipo umeme wa uhakika wala chumba cha baridi, yatauzwa wapi kabla hayajaganda?

Sasa mtazame mbuzi wetu mwezi huohuo. Ana kilo 25, pengine 30. Anatosheka na chini ya kilo moja ya malisho makavu kwa siku, na hangoji nyasi. Miti ya miombo ina desturi yake: huchipua majani mapya, mekundu, kabla ya mvua kushuka, wakati ardhi bado ni jivu. Mbuzi mfupi husimama kwa miguu ya nyuma, akaegemeza ya mbele kwenye shina, akavuta tawi na kulivua majani moja baada ya jingine. Ng'ombe amebaki chini anatafuta nyasi zilizokwisha kuungua. Mvua ikija na mahindi yakiota, mbuzi anafungwa kamba kwenye kigingi pembeni ya shamba. Mavuno yakiisha, anafunguliwa akamalize mabua. Usiku analala kwenye banda la miti lililoinuliwa juu ya nguzo, sakafu yake ina nafasi kati ya mti na mti, samadi inadondoka chini na kuchukuliwa bustanini. Mpangilio huo haukubuniwa na mradi wowote. Ni wa watu wanaojua mnyama wao anakula nini mwezi gani.

Halafu kuna mbung'o. Mabonde ya Katanga yana historia ndefu ya mdudu huyu, na ugonjwa wa nagana anaoueneza huwamaliza ng'ombe wageni kwanza. Kampuni za kikoloni zilizofuga ng'ombe kuwalisha wafanyakazi wa migodi, kama Elakat, zilikimbilia nyanda za juu kama Biano, na mbung'o ni sehemu kubwa ya sababu. Huko Bas-Congo, kampuni ya Jules Van Lancker ilipotaka kufuga kwa maelfu katika nchi yenye mbung'o, ilikuwa na mtaji wa kununua ng'ombe yeyote wa Ulaya. Ilimchagua N'Dama, ng'ombe ambaye asili yake ni milima ya Fouta Djallon huko Guinea: kimo chake ni kama mita moja, jike wake mara nyingi hafikishi kilo 300, na damu yake inavumilia vijidudu vya nagana. Bepari wa Kibelgiji, aliyekuwa anatafuta faida peke yake, alichagua mfupi. Sisi tuliorithi nchi ndio tunaona aibu.

Nchi ya Mitwaba ina kumbukumbu nyingine pia, ambayo haimo kwenye vitabu vya ufugaji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, eneo lililo kati ya Manono, Mitwaba na Pweto liliitwa pembe tatu ya kifo. Wanamgambo wa Mai-Mai wa Gédéon Kyungu Mutanga kwa upande mmoja na askari wa serikali kwa upande mwingine walichoma vijiji na kupora kilichokuwemo. Gédéon alijisalimisha Mitwaba Mei 2006, akahukumiwa kifo mwaka 2009, kisha Septemba 2011 akatoroka gereza la Kasapa hapa Lubumbashi, na hofu ikarudi upya. Maelfu ya watu walikimbilia porini na kwenye kambi. Mwulize mtu aliyekimbia usiku kama angependa mali yake iwe ng'ombe mmoja wa kilo 600 au kuku wanaoingia kwenye tenga na mbuzi wawili wanaofuata kamba. Ng'ombe hafichiki, na akiibwa, zizi zima limeibwa.

Ndugu zetu wa Kivu walilipia somo hilo kwa gharama kubwa. Vita vilipomaliza ng'ombe, watafiti waliopita Kivu Kusini baadaye walikuta kaya nyingi zimehamia kwenye wanyama wadogo, na miongoni mwao dende, mnyama ambaye Tanzania humwita simbilisi. Dende anakaa jikoni. Mimba yake ni ya wiki tisa au kumi, anazaa watoto wawili, watatu, hata wanne, nao huzaliwa na manyoya na macho yamefunguka, na baada ya siku chache wanatafuna majani. Asubuhi mtoto wa nyumba akiingia na mzigo wa matembele, wote wanapiga mluzi kwa pamoja. Kinachohitajika ni majani mabichi kila siku, kwa kuwa mwili wa dende hauwezi kujitengenezea vitamini C. Mnyama huyo hana gharama ya josho, hana dawa ya kupe, na mporaji anayetafuta mali haangalii chini ya kitanda cha jikoni. Kuna watakaocheka. Wacheke, lakini waseme pia ni mradi gani wa ng'ombe uliobaki na watu wa Kivu katika miaka ile.

Kuna mazungumzo niliyoyasikia kati ya mtaalamu kijana na mama mmoja mwenye mbuzi wanane. Kijana alimwambia kwa adabu: «Mama, hao wote uwauze, ununue ng'ombe mmoja wa maana.» Mama akamjibu: «Papa, nimekusikia. Huyo wa maana akiugua, nitamtuma mtoto kwa nani? Na mzee akifiwa, nikate mguu wake niuze, halafu asimame tena?» Kijana alicheka, akadhani mama anatania. Mama alikuwa anafundisha uchumi. Mbuzi wanane ni akiba iliyogawanyika: mmoja anauzwa kwa mtihani wa taifa, mmoja kwa hospitali, mmoja anachinjwa kwenye matanga, na kundi linabaki. Mbuzi jike anabeba mimba miezi mitano na mara nyingi anazaa pacha, hivyo aliyeuzwa leo anapata wa kumrithi kabla mwaka haujaisha. Ng'ombe wa kijijini huchukua miaka mitatu au minne hadi kuzaa mara ya kwanza. Akifa kabla ya hapo, deni lililomnunua linabaki hai. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

Na tusisahau mkono unaoshika fedha. Katika nyumba nyingi ng'ombe ni mali ya baba na ukoo. Ameingia kwenye mahari, ametajwa kwenye urithi, hauzwi bila kikao. Kuku na mbuzi wawili watatu mara nyingi wako chini ya mama, na yeye ndiye anayenunua sabuni, daftari na unga wa bukari. Mradi unaobadilisha mbuzi kuwa ng'ombe, bila kukusudia, unahamisha mfuko kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Sijaona semina inayoliweka hilo kwenye hesabu.

Watetezi wa mbegu kubwa hurudi na neno la pili: hatusemi muache mbuzi wenu, tunasema mmpandishe kwa beberu mkubwa, mpate chotara. Neno hili ni la hatari kwa sababu linaonekana la wastani. Beberu wa Boer ana zaidi ya kilo 100. Mbuzi jike wetu ana robo ya huo uzito. Mtoto anayeweza kuzidi nyonga za mama yake ataanza kutoka usiku wa manane, mahali ambapo daktari wa mifugo wa karibu ni safari ya siku nzima, na huenda wakafa wote wawili. Akizaliwa salama, chotara anarithi tumbo la baba: anataka chakula cha baba, na minyoo na kupe wa hapa hawamjui baba yake.

Kama mtu anataka kuona sera hiyo inaishia wapi, aangalie Kerala, kusini mwa India. Huko walikuwa na ng'ombe aitwaye Vechur, mmoja wa wafupi kabisa duniani: kimo chini ya sentimita 90, uzito wa kilo 130 hivi. Mwaka 1961 serikali ya jimbo ilitunga sheria ya kuboresha mifugo, madume ya kienyeji yakahasiwa na mbegu za kigeni zikasambazwa. Ndani ya kizazi kimoja Vechur alikaribia kutoweka. Mwaka 1989 profesa Sosamma Iype wa chuo kikuu cha kilimo cha Kerala na wanafunzi wake walizunguka vijiji kutafuta waliosalia, wakakusanya wachache na kuanza kundi upya. Wakulima wa Kerala waliochoka na gharama za chotara wakaanza kumtafuta yule mfupi tena. Huko jamii nzima ya ng'ombe iliponea chupuchupu kwa sababu ofisi moja iliamua kwamba kimo ni kosa. Sisi tunataka kuanza pale walipojuta.

Najua nitatajiwa Meru, Kenya, ambako shirika la FARM-Africa liliwapandisha mbuzi wa wenyeji na Toggenburg katika miaka ya 1990, na Mgeta kwenye milima ya Uluguru, Tanzania, ambako mbuzi wa maziwa kutoka Norway walifika kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine. Walifanikiwa, sikatai. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Meru kulikuwa na vikundi vya wakulima vinavyomiliki beberu kwa pamoja, wahudumu wa afya ya mifugo waliofunzwa kijijini, na soko la karibu. Milima ya Uluguru ina baridi na majani mabichi karibu mwaka mzima. Wenzetu walitengeneza huduma, ndipo mnyama akafuata. Kwetu mnyama anateremshwa kwenye lori, hotuba inasomwa, na huduma inaahidiwa kwenye mwaka wa bajeti ujao. Atakayeleta Mitwaba kila kilichokuwepo Meru, ninaahidi kumpigia makofi hata akija na Toggenburg.

Hoja ya mwisho ya wapenda ukubwa ni ya mji. Lubumbashi ni jiji la mamilioni, wanasema, halitalishwa na mbuzi wa mama wa kijijini. Litalishwa na mashamba makubwa. Historia haiwasaidii sana. Elakat ililisha migodi, lakini nyuma yake kulikuwa na reli, majosho, madaktari wa kulipwa, na ardhi iliyochukuliwa kutoka kwa wenyewe bila maswali. Mwaka 2014 serikali ilizindua Bukanga Lonzo, bustani ya kilimo ya hekta 80,000 magharibi ya nchi, iliyotangazwa kuwa itamaliza njaa. Miaka mitatu baadaye shughuli zilikuwa zimesimama, kesi zikafuata mahakamani. Kinachopikwa Lubumbashi leo, ukiondoa nyama ya barafu inayovuka mpaka, ni nini? Nenda usiku mahali wanapochoma michopo. Yule mbuzi kwenye makaa alitoka kijijini, amefungwa miguu juu ya mizigo ya lori au nyuma ya baiskeli, amepita vizuizi na ushuru wa kila namna. Mji unalishwa na hao wafupi kila siku na hauwashukuru. Kama mpangaji anataka nyama zaidi mjini, na aanze kwa kuhesabu vizuizi kati ya Mitwaba na soko la mtaa wetu wa Kenya hapa Lubumbashi.

Sasa nikubali yaliyo ya kweli upande wa pili, maana sitetei hali ilivyo. Mifugo midogo inakufa, na inakufa kwa wingi. Mwaka 2012 FAO ilipiga kengele kuhusu sotoka ya mbuzi na kondoo iliyokuwa inasambaa Kongo, ugonjwa unaoweza kumaliza zizi kwa wiki chache. Kideri kikipita, kijiji kizima kinabaki bila jogoo wa kuwika. Lakini tazama hitimisho linalotolewa: kuku amekufa kwa kideri, basi mbegu ni dhaifu, tulete nyingine. Kuku wa kisasa naye anakufa kwa kideri, tena anakufa ukiwa umemnunulia chakula. Chanjo ya kideri ya aina ya I-2 inavumilia joto kuliko zile za zamani, inadondoshwa jichoni tone moja, inarudiwa kila baada ya miezi kama minne, na wanavijiji wa Tanzania, Malawi na Msumbiji wameitumia kwa mikono yao wenyewe. Sotoka nayo ina chanjo inayokinga kwa miaka. Tunamhukumu mnyama kwa kosa la ofisi.

La pili nakubali pia: katika vijiji vingi mbuzi wanazidi kupungua mwili. Ila hali hiyo haikutokana na asili peke yake. Mnunuzi wa mjini akifika, anamchukua beberu mzuri kuliko wote, akiwa kijana, kwa kuwa ndiye mwenye bei. Anayebaki kupanda majike ni yule aliyekataliwa. Fanya hivyo miaka 20, mwaka baada ya mwaka, utapata kundi la waliokataliwa, na mara nyingi baba amewapanda binti zake. Dawa ya hilo haitoki ng'ambo. Kijiji kikubaliane beberu gani hauzwi, alipwe fidia mwenye beberu huyo, na baada ya miaka miwili beberu abadilishwe na wa kijiji cha mbali. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo, kina wanafunzi wanaotafuta mada za kuandikia. Wapelekwe wapime mbuzi wa Kibara: nani anazaa pacha, nani anavuka kiangazi bila kukonda, nani anastahimili minyoo. Huo ndio uboreshaji wa mbegu, na haumfukuzi mwenye mbegu.

Wazo hili si geni duniani. Mwaka 1991 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa kitabu kizima, Microlivestock, kueleza kwamba nchi za joto zimewasahau wanyama wao wafupi: ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kuku, sungura na dende. Zaidi ya miaka 30 imepita. Wamarekani wenyewe sasa wanafuga kwenye viwanja vyao mbuzi wadogo ambao mababu zao walitoka Afrika Magharibi, wanawalipia bei nzuri, wanawaandikia nasaba. Huku kwetu mtu mwenye mnyama wa namna hiyo anaambiwa hajaendelea.

Mwenye ranchi ya Biano, aliye na josho, nyasi zilizopandwa na daktari wa kudumu, afuge ng'ombe wakubwa anavyotaka, na tumtakie heri. Ugomvi wangu ni na fedha za umma na za misaada zinazopelekwa kwa kaya isiyo na hata kimoja kati ya hivyo. Basi kabla ya mnyama mkubwa mwingine kupakiwa kwenda Mitwaba, wanaompeleka wajibu maswali manne kwa maandishi, na majibu yasomwe mbele ya watakaompokea. Atakula nini mwezi wa Septemba? Nani atamtibu mwezi wa Februari barabara ikiwa imekatika? Akifa, familia itabaki na nini? Na siku wakihitaji fedha kidogo, watauza sehemu gani yake? Anayeweza kujibu yote manne alete mnyama wake, nitakuwa wa kwanza kumpokea. Anayeshindwa hata moja, fedha hizo azigeuze kuwa chanjo ya sotoka na ya kideri, awaachie wenye mbuzi kazi ya kuchagua mabeberu, na semina ijayo aifanyie kijijini, yeye akiwa mwanafunzi.